Namna ya kufunga na kutumia diski za grainda kwa usalama karakanani

Mafunzo ya grainda kwenye karakana nyingi za Dar es Salaam huchukua nusu dakika. Dogo anafika asubuhi, anamwamkia fundi, anakabidhiwa mashine na kuambiwa, "Shika hapa, bonyeza hapa, angalia cheche zisikurukie." Kuanzia hapo anahesabiwa kuwa anajua. Mimi nilifundishwa hivyohivyo Vingunguti, kwenye karakana ya mageti na grili, na nilikata vyuma miaka mingi kabla sijajua kwamba zile namba ndogo zilizochapwa kwenye diski zina maana.

Siku niliyojua ilikuwa siku mbaya. Kijana tuliyekuwa naye alikuwa anakata anglaini, kile chuma cha pembe. Diski za grainda ndogo zilikuwa zimeisha, ila kwenye ndoo palikuwa na diski ya inchi 9 iliyoliwa hadi ikabaki kubwa kidogo tu kuliko kisahani cha chai. Tundu lake la katikati lilikaa sawasawa kwenye mashine ndogo. Ilipogusa kava, lile bati linaloikinga diski, akafungua kava na kuiweka kando. Akawasha. Sikusikia mlipuko; nilisikia mlio kama wa fimbo kavu inayovunjika, halafu mashine ikaendelea kulia ikiwa haina kitu. Kipande kilimpata juu ya shavu. Alipona, lakini jicho la kulia halikuona tena.

Haya ninayoandika ndiyo ninayowafundisha vijana wapya sasa, kwa mpangilio uleule. Utaona hatua nyingi ni za kabla ya kuwasha.

Hatua ya 1: Soma diski, kisha soma mashine

Chukua diski mpya uishike kwenye mwanga. Kwanza utaona kipenyo: mm 115 ni ile ya inchi 4 na nusu, 125 ni inchi 5, 180 ni inchi 7, 230 ni inchi 9. Pembeni yake kuna unene na tundu, kwa mfano 115 x 1 x 22.23. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza yule kijana. Diski za inchi 4 na nusu, 5, 7 na 9 kwa kawaida zina tundu la aina moja, mm 22.23. Kuingia kwenye mashine si dalili kwamba inafaa. (Zile mashine ndogo za inchi 4 nyingi hutumia diski za tundu la mm 16, kwa hiyo huko tundu la diski kubwa linacheza.)

Namba muhimu kuliko zote ni ya mizunguko kwa dakika, mara nyingi imefuatiwa na herufi RPM. Kwenye diski ya kawaida ya mm 115 utakuta 13,300. Kwenye ya mm 125 ni kama 12,200. Ya mm 180 ni kama 8,500, na ya mm 230 ni kama 6,600. Huo ndio mwisho wa mwendo wake. Sasa geuza mashine usome kibati chake. Grainda ndogo nyingi huandikwa 11,000 au zaidi kidogo.

Sheria ni moja: namba ya diski iwe sawa na ya mashine au iizidi. Ikiwa ndogo, usifunge.

Vijana huniuliza kwa nini diski kubwa ipewe mwendo mdogo wakati ndiyo yenye nguvu. Ni kwa sababu ukingo wa diski kubwa unasafiri njia ndefu zaidi kwa kila mzunguko. Diski nyingi za mkononi zimetengenezwa ukingo wake usizidi mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Treni ya SGR ya Dar es Salaam kwenda Dodoma imeundwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo diski uliyoishika mkononi inaikaribia mara mbili. Na nguvu inayoivuta diski ipasuke haiongezeki sambamba na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Ukiifunga diski mpya ya inchi 9, iliyopimwa kwa mizunguko 6,600, kwenye mashine ya 11,000, unaivuta kwa nguvu inayozidi mara mbili na nusu ile iliyokusudiwa.

Diski iliyoliwa inakuwa fupi, kwa hiyo hesabu hiyo inapungua, na hapo ndipo mafundi wengi wanapojipa moyo. Lakini diski hiyo imeshapigwa, imeshapata joto, pengine imeanguka mara tano, na kwenye mashine ndogo haikai ila kava iondolewe. Diski ya inchi 9 ikiliwa, kazi yake imekwisha. Mimi huivunja vipande viwili kabla ya kuitupa ili mtu asiiokote.

Kwenye baadhi ya diski kuna pia mstari wa rangi unaoonyesha mwisho wa mwendo wa ukingo: bluu ni mita 50 kwa sekunde, njano 63, nyekundu 80, kijani 100.

Halafu angalia pete ya chuma katikati. Diski zinazofuata viwango vizuri zimechapwa pale mwezi na mwaka wa kwisha muda, mathalani 07/2026. Gundi inayoshikilia chembe zinazokata inachoka hata kama diski haijatumika, na kwa diski za mkononi muda wake huwa miaka mitatu tangu kutengenezwa. Kariakoo utazikuta zimepangwa vizuri dukani na muda umeshapita. Geuza usome kabla ya kulipa.

Hatua ya 2: Diski ya kazi gani?

Herufi A mwanzoni mwa maandishi ina maana ni ya chuma. C ni ya mawe, zege, tofali na vigae. Namba inayofuata, 24, 30, 46 au 60, ni ukubwa wa chembe: namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa. BF mwishoni inakuambia diski ina wavu wa nyuzi ndani, na kwa kazi ya mkononi usikubali diski isiyo na wavu.

Diski ya kukatia ni nyembamba, mm 1 hadi 3 hivi. Diski ya kusagia ni nene, karibu mm 6, na katikati imebonyea. Kosa ninaloliona kila wiki ni fundi amemaliza kukata, anaona kuna ukali umebaki kwenye pembe ya skwea paipu, analaza ile diski ya mm 1 na kusugulia ubavu wake. Diski ya kukatia ina nguvu ukingoni tu. Ukiisukuma ubavuni unaikunja, na wavu unaanza kukatika ndani bila wewe kuona. Itapasuka kesho, mkononi mwa mwenzako. Badilisha diski. Ni dakika mbili.

Alumini huziba diski ya chuma. Inayeyuka kidogo, inajaza matundu, diski inaacha kukata na kuanza kupata joto, na joto hilo linaipasua. Kazi ya madirisha ya alumini ina diski zake.

Na kwa mafundi seremala wa Keko, ndugu zangu, ninasema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona vidole vilivyobaki: msumeno wa meno wa kukatia mbao haufungwi kwenye grainda. Grainda inazunguka kwa kasi kuliko mashine ya msumeno, haina kava inayofunika meno, na jino likinasa kwenye fundo la mti mashine inaruka kabla mkono haujajua.

Hatua ya 3: Kagua kwa macho na vidole

Pitisha kidole ukingoni, diski ikiwa mkononi na si kwenye mashine. Tafuta ufa, sehemu iliyomeguka, wavu uliotokeza. Ishike kingo mbili uikunje kidogo sana, isikike kimya. Ikitoa sauti ya kukatika, iache. Diski iliyoanguka kutoka mezani hadi sakafu ya saruji ihesabiwe imekufa, hata kama huoni kitu.

Hapa Dar es Salaam tuna adui mwingine, unyevu wa bahari. Diski zikiachwa kwenye ndoo chini ya meza, au kwenye kontena linalovuja wakati wa masika, gundi yake inanywa maji na kulegea. Ikipinda kama kifuniko cha sufuria, haifai. Diski iliyolowa upande mmoja ni mbaya zaidi kwa sababu upande huo unakuwa mzito, na mashine itakutetemesha hadi kwenye bega. Zihifadhi zimelala bapa juu ya ubao ulionyooka, mahali pakavu, ndani ya boksi lake au dumu lililokatwa na kufunikwa. Usizitundike kwenye msumari.

Hatua ya 4: Kufunga

Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi: chomoa uione plagi ikiwa juu ya meza mbele yako.

Futa vumbi kwenye mhimili na kwenye sahani ya ndani, ile inayoegemewa na diski. Chembe moja ya mchanga ikikaa kati ya sahani na diski, diski inakaa upande. Weka diski, hakikisha imekaa kwenye mabega ya sahani na haichezi. Nati ya juu ina pande mbili, upande wenye mwinuko na upande bapa. Kwa diski nene ya kusagia, mwinuko kwa kawaida unaingia kwenye tundu la diski. Kwa diski nyembamba ya kukatia, upande bapa ndio unaoigusa. Kuna mashine chache zinazotofautiana, kwa hiyo soma karatasi yake mara ya kwanza. Kaza kwa mkono, kisha malizia kwa spana yake, kidogo tu. Usigonge nati kwa nyundo na patasi. Diski ikizunguka inajikaza yenyewe, na uliyoigongea itakuwa imepasuka katikati kabla hujaanza kazi.

Tundu likiwa kubwa kuliko mhimili, usijazie kwa waya, wala utepe wa plastiki, wala pete uliyochonga mwenyewe.

Sasa kava. Irudishe, igeuze upande uliofungwa uwe kati ya diski na mwili wako, ikaze. Wiki iliyopita kijana aliniambia, "Fundi, kava inaniziba, sioni alama yangu." Nilimwelewa, kwa sababu ni kweli inaziba. Nikamwonyesha: chora alama upande wa pili wa chuma pia, washa taa pembeni, na ugeuze kava nyuzi chache hadi uone ncha ya diski inapogusa. Yule kijana wangu wa zamani naye alikuwa na sababu ya kufungua kava. Kila anayefungua huwa na sababu. Ila diski ikipasuka, lile bati ndilo linalopokea vipande vilivyokuwa vinakuja kwako, na hakuna kitu kingine kwenye mashine kinachofanya kazi hiyo.

Funga mpini wa pembeni. Grainda ni ya mikono miwili.

Zungusha diski kwa kidole, uone haigusi kava. Ndipo uchomeke plagi, elekeza mashine chini ya meza au kwenye ukuta usio na mtu, uwashe na kuiacha izunguke bila kugusa kitu: dakika 1 kwa diski mpya, nusu dakika kwa iliyowahi kutumika. Ikitetemeka au kulia vibaya, zima, chomoa, anza upya.

Hatua ya 5: Mwili wako

Miwani ya kazi inayofunga pembeni, na juu yake ngao ya uso unapokata. Miwani ya jua si miwani ya kazi. Kioo chake kikipigwa kinakuwa vipande vya ziada. Kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi nayo haifai, kwa sababu huoni diski.

Nguo ni mahali ambapo ninagombana na vijana. Wanapenda jezi, ya Simba au ya Yanga. Jezi ni poliesta, na poliesta ikipata cheche haiungui ikaisha, inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Vaa ovaroli au shati la pamba la mikono mirefu, lililofungwa vifungo, lisilo na kamba inayoning'inia. Suruali ishuke juu ya buti. Usiichomeke ndani, cheche zitaingia. Ndala ziache mlangoni. Glovu za ngozi zilizobana mkono zinafaa kwa grainda ya mkononi. Vua mkufu, funga nywele.

Masikio yanasahaulika kwa sababu hayatoki damu. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku inatosha kuanza kuharibu usikivu, na grainda inapita hapo kwa urahisi. Kama mwenzako yuko umbali wa mkono na inabidi upaze sauti akusikie, ninyi wote wawili mnahitaji vizibo.

Hatua ya 6: Cheche zinakwenda wapi

Karakana zetu ziko barabarani. Mbele ya geti unalokata kuna bodaboda imeegeshwa na tangi lake la petroli, mama lishe amekaa na jiko lake, watoto wanapita kutoka shule. Kabla ya kuwasha, chuchumaa urefu wa diski uangalie njia ya cheche hadi mwisho wake. Zinaweza kufika mita 10. Weka bati au ubao kuzikinga, na mwambie aliye mbele asogee. Wapita njia hawawezi kujilinda na kitu wasichokijua.

Hatari iliyofichika zaidi ni tina, ile ya kuchanganyia rangi. Pale tunapokata ndipo tunapopaka rangi, na kopo la tina likiwa wazi mvuke wake hauendi juu. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Rangi na tina zihamishwe na kufunikwa kabla ya kukata, pamoja na magunia, maranda na sponji. Weka ndoo ya mchanga na kizima moto karibu. Ukimaliza, kaa nusu saa ukiangalia kona zote. Cheche iliyoingia kwenye maranda hulala kimya muda mrefu. Namba ya Zimamoto ni 114.

Pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli, tina au kemikali usilikate, hata kama limekaa juani mwezi mzima, hata kama limesuuzwa. Mvuke uliobaki kwenye mshono unatosha kulirusha. Pipa la namna hiyo linasafishwa na watu wenye vifaa vya kupima gesi ndani yake.

Hatua ya 7: Kukata

Bana kipande kwenye vaisi au kwa klampu. Usikikanyage kwa mguu na usimwambie saidia fundi akushikie.

Hapa pana jambo la kulielewa kwa mikono. Chukua fimbo, iweke juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, kisha ikandamize katikati. Inapinda kwenda chini, na kama ungekuwa umeikata katikati, midomo ya mkato ingefunga. Paipu refu linafanya hivyohivyo kwa uzito wake: unakata, linalala katikati, midomo inaibana diski. Diski inasimama ghafla, mota bado inataka kuzunguka, na nguvu yote inageukia mashine. Mashine inaruka, mara nyingi kuelekea usoni au pajani kwako. Kwa hiyo tegemeza paipu karibu na mkato, na kile kipande kitakachotoka kiachwe kikining'inia huru, ili mkato ujifungue wenyewe.

Usiguse chuma kwa sehemu ya juu ya mbele ya diski. Sehemu hiyo ikinasa, mashine inapanda kukufuata. Kata kwa sehemu ya chini. Angalia mshale wa mzunguko kwenye kichwa cha mashine na usukume upande ambao mashine inakupinga kidogo. Ukienda upande ambao inajivuta yenyewe, itakukimbia mkononi. Iache ifike mwendo kamili kabla ya kugusa, ingiza taratibu, nenda mstari mmoja bila kuipinda kona. Usiikandamize. Diski nzuri inakata kwa uzito wa mashine tu, na ukisikia harufu ya gundi kuungua ujue unasukuma kupita kiasi au diski si ya kazi hiyo.

Simama pembeni ya mstari wa diski, miguu imeachana. Chora kichwani mstari unaotoka kwenye diski kama ukurasa wa daftari uliosimama. Mwili wako usiwe kwenye ukurasa huo. Usikate juu ya usawa wa bega. Najua kwenye kufunga grili ghorofani watu wanakata wakiwa kwenye ngazi, mkono mmoja umeshika dirisha. Shuka, pima, kata chini, panda nacho. Kama lazima ukate hukohuko, tengeneza jukwaa la kusimama miguu yote miwili.

Kwa kusaga, laza diski nyuzi 20 hadi 30 hivi, uisogeze mbele na nyuma bila kukaa mahali pamoja.

Ukizima, subiri. Diski inaendelea kuzunguka sekunde kadhaa. Usiisimamishe kwa kuisugua sakafuni, na usiiweke chini ikiwa bado inazunguka, itatembea hadi ikute waya wake au mguu wako. Waya upite nyuma yako.

Na umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuzima swichi, kisha kuchomoa. Mashine nyingi za bei ya chini zina swichi ya kusukuma inayobaki ilipo. Umeme unakatika, fundi anaiweka mashine mezani, anakwenda kunywa chai. Saa moja baadaye umeme unarudi, mashine inaanza kukimbia yenyewe juu ya meza. Ukiwa unanunua mpya, tafuta ile inayozima ukiachia kidole.

Kwa wanaokata vigae na zege

Ule unga mweupe unaokaa kwenye nyusi una silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe. Ile inayoonekana si mbaya kama ile isiyoonekana, inayoingia hadi mwisho wa pafu na kubaki huko. Pafu linatengeneza kovu, na kovu hilo halina dawa ya kuliondoa. Linakuja polepole baada ya miaka, na mwenye silika mapafuni hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kitambaa cha kufunga usoni hakizuii kitu. Tumia barakoa iliyoandikwa N95, FFP2 au zaidi, iliyobana pua. Bora kuliko barakoa ni kutotimua vumbi: kata vigae kwa ile mashine ya mkono inayochora na kuvunja, au mashine ya mezani yenye maji. Grainda ya kawaida ya umeme usiimwagie maji, utapigwa shoti. Kata nje, upepo ukiwa mgongoni, na usifagie vumbi likiwa kavu.

Jiwe la mezani

Lile la kunolea patasi na biti lina taratibu zake. Jiwe jipya la kijivu au jeupe lipigwe mlio kabla ya kufungwa: litundike kwa kidole kwenye tundu, uligonge kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, karibu na ukingo, kushoto na kulia, kisha uligeuze na kurudia. Jiwe lisilo na ufa linalia kama bakuli la udongo. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. (Kipimo hiki hakifai kwa diski nyembamba za grainda ya mkononi, hizo hazilii hata zikiwa nzima.) Zile karatasi za duara zilizobandikwa pande mbili za jiwe usizibandue, zinagawa mkandamizo wa sahani.

Pengo kati ya jiwe na kiegemeo cha chini lisizidi mm 3, na kati ya jiwe na ulimi wa kava wa juu lisizidi mm 6. Kata vipande viwili vya flatibaa (chuma bapa) ya mm 3 uvitundike hapo kwenye mashine. Kimoja ni kipimo cha chini, viwili vikiunganishwa ni kipimo cha juu. Kipande kikipita kwa ulegevu, zima mashine na usogeze. Pengo likiachwa, biti inavutwa chini pamoja na kidole. Simama pembeni kwa dakika 1 ya kwanza baada ya kuwasha, usisage kwa ubavu wa jiwe, na hapa vua glovu, kwa sababu jiwe likinasa kitambaa linavuta mkono mzima.

Ajali ikitokea

Zima, chomoa. Kipande kilichochoma mwilini usikivute. Kiegemeze kwa vitambaa safi pande zote na umpeleke mtu hospitali. Damu inayotoka kwa wingi, mahali pasipo na kipande, ikandamizwe moja kwa moja kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole.

Jicho nalizungumzia peke yake. Vumbi lililo juu linaweza kuoshwa kwa maji safi mengi. Lakini chembe ya chuma iliyonasa isitolewe na fundi mwenzako kwa njiti ya kiberiti wala ncha ya leso, hata kama ameshawatolea wengi. Usisugue. Funika jicho kwa kikombe cha karatasi bila kulikandamiza, uende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Mwajiri atoe taarifa kwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri awafundishe watu wake na kuwapa vifaa vya kujikinga. Mwenye karakana anayesoma hapa: miwani usimkate kijana kwenye posho yake.

Namna ninavyofundisha

Saa moja kwa kijana mpya, kabla hajagusa chuma. Ninaanza na diski tatu mezani na mashine mbili, anasoma namba kwa sauti na kuniambia ipi inakwenda wapi. Kisha anafunga na kufungua mara tano, plagi ikiwa imechomolewa, hadi mkono uzoee. Juu ya soketi nimeandika kwa rangi namba za mizunguko za mashine zetu zote, kwa sababu kibati cha mashine hufutika baada ya mwaka. Chini yake kuna daftari lenye majina ya wanaoruhusiwa kubadilisha diski. Aliye nje ya daftari anaita mwenzake.

Mtihani ni huu: ninatoka naye nje, namwacha anisubiri, narudi ndani na kuiharibu mashine kwa makosa matatu. Siku nyingine ni diski iliyokwisha muda, kava iliyogeuzwa na mpini wa pembeni uliolegea. Siku nyingine ni ufa mdogo nilioupaka vumbi, swichi iliyoachwa imewashwa na kopo la tina nyuma ya meza. Anaingia, ananiambia makosa kabla ya kuchomeka plagi. Akiyapata yote matatu, jina lake linaingia daftarini siku hiyo. Akikosa hata moja, anashika brashi ya rangi, na kesho asubuhi tunarudia.